Walimuuza Dod kwa Mashine ya Nyasi

Elspet ndiye aliyeona kwanza, na kwa kuwa alikuwa Elspet, hakusema. Nyasi zilizonasa kwenye pindo la suruali ya baba yake zilikuwa fupi mno, na zote zililingana, kama nywele kwenye sakafu ya kinyozi. Mashine kuukuu ya klabu ya mpira haikuweza kukata vile. Ile haikukata, iling'oa. Siku zote baba alirudi na nyasi ndefu na fupi, nyingine na mizizi yake, na mara moja alirudi na chura mzima aliyekasirika.

Isitoshe, mzee alikuwa anapiga mluzi. Mkewe, Netta, alimuuliza ana nini. Akajibu kwamba ni hali ya hewa tu, imemchangamsha. Nje mvua ilikuwa inanyesha tangu Ijumaa.

Katika mji wa Ardlennie, kila mtu wa nyumba ya Geddes alikuwa mali ya timu. Wattie, baba mwenyewe, tangu alipostaafu kiwanda cha wiski, alitunza uwanja bila malipo, na kwa kuwa yeye ndiye mwenye ufunguo wa kibanda cha mashine, walimpa na kiti katika kamati. Netta aliuza pai za nyama kwenye kidirisha cha uwanjani. Elspet, kitinda mimba, mwenye miaka ishirini na miwili na haya ya kuwatosha watu kumi, alifua jezi. Na Dod, mtoto wa kwanza, alikuwa winga wa kulia. Siku za kazi alipeleka barua, Jumamosi alipeleka krosi, na watu walisema zote mbili huchelewa lakini hufika.

Elspet alizitazama tena zile nyasi, akamimina chai.

Dod aliambiwa Jumatano, buchani. Aliingia kumpa mwenye bucha barua zake, na mwenye bucha, Bwana Pirie, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa klabu. Pirie alikuwa akimpimia mama mmoja soseji. Hakuacha kupima.

"Dod, tumekuuza," alisema.

"Kwa nani?"

"Port Cullan."

Yule mama akashika mdomo. Port Cullan iko maili tano kwa barabara ya pwani, na mtu wa Ardlennie akilazimika kupita huko hufunga madirisha ya gari. Wenyeji wa huko wanaitwa Vichwa vya Samaki. Wao nao huwaita wa Ardlennie Viazi. Huo ndio ujirani wao, na una miaka zaidi ya mia.

"Kwa pesa ngapi?" Dod aliuliza.

Pirie alifunga soseji kwenye karatasi, akakunja pembe vizuri, akakata kamba. "Si pesa hasa," alisema. "Ni kifaa."

Barua lazima zifike, kwa hiyo Dod aliendelea na mtaa wake. Habari zilimpita njiani. Alipofika nyumba ya sita walikuwa wanampa pole mlangoni. Nyumba ya kumi na moja walimwambia kifaa chenyewe ni mashine ya kukatia nyasi, ya kukalia. Nyumba ya ishirini walijua ni ya kijani. Port Cullan walikuwa wametandika nyasi za plastiki uwanja mzima, wakabaki na mashine isiyo na kazi, na Ardlennie walikuwa na winga ambaye kocha mpya hakuwa na kazi naye. Watu wawili wenye akili walikutana kwenye mnada wa kondoo wakapeana mikono.

Mwisho wa mtaa kuna Mzee Mowat, ambaye kwa miaka arobaini amesimama mahali pamoja kando ya uwanja, akisema na mawinga tu. Alikuwa anamsubiri getini.

"We Dod," alisema, "hivi ni kweli ina mahali pa kuweka kikombe?"

Dod aliingia jikoni kwao na mfuko wa posta bado begani. Wazazi wake walikuwa mezani. Elspet alikuwa kwenye sinki, akimenya kiazi ambacho tayari kilikuwa kimemenywa.

"Ilifika lini?" Dod aliuliza.

"Nini?"

"Baba."

Wattie akaweka kijiko chini. "Jumatatu."

"Leo Jumatano."

"Nilikuwa natafuta nafasi ya kukwambia."

"Ukapata nafasi ya kukata nyasi."

Mambo yakatoka kidogo kidogo. Kamati ina watu saba. Watatu walikataa, watatu walikubali, na mkono wa saba ulikuwa wa Wattie. Alieleza sababu. Dod ana miaka thelathini na minne. Kocha ameleta kijana wa miaka kumi na tisa anayekimbia kama aliyeiba. Hapa Dod angekaa benchi na blanketi magotini. Port Cullan angalau angecheza. Ilikuwa sababu ya kweli kabisa. Ubaya wake ni kwamba ilikuwa sababu ya pili. Ya kwanza ilikuwa kibandani, ya kijani, na ilikuwa na kiti.

"Nilikufikiria wewe, mwanangu," Wattie alisema.

"Ulifikiria pa kuweka kikombe."

Hapo mtu mwenye busara angenyamaza. Lakini Wattie alikuwa ameisukuma mashine kuukuu kwa miaka kumi na minane, mgongo wake umepinda kama ndoano, na mapenzi mapya humtoa mtu akili.

"Kikombe chenyewe," alisema polepole, "hakimwagiki hata ukikata kona."

Netta akazima jiko. Supu ya shayiri ilikuwa bado haijaiva, na tangu aolewe hakuwahi kuzima jiko chini ya supu mbichi. Alimwambia mumewe kwamba kuanzia leo chakula cha Jumapili katika nyumba hii hakipikwi mpaka Dod atakapoketi kwenye kiti chake. "Na wewe, Baba Dod, ukiona njaa, kaile hiyo mashine. Inasemekana ina kila kitu."

Winga hauzwi kama kondoo, lazima atie sahihi, na Dod angeweza kukataa. Alitia sahihi usiku uleule kwa hasira, mpaka kalamu ikatoboa karatasi. Kesho yake alifunga virago. Hakuwa na vingi. Tangu mkewe alipomwacha alikuwa akilala katika chumba chake cha utotoni, chini ya picha yake mwenyewe ya miaka kumi na saba, siku aliyochukuliwa na timu kubwa ya Glasgow. Glasgow alikaa miezi kumi na moja. Alirudi na goti moja bovu na koti moja zuri. Goti aliendelea nalo, na koti alilivaa mpaka mikono ikaishia kwenye viwiko.

Alipanga chumba Port Cullan, juu ya duka la samaki wa kukaanga.

Sasa, kuna jambo ambalo mji mzima wa Ardlennie ulilijua na marefa hawakuwahi kulijua. Mbele ya jukwaa, kuanzia katikati ya uwanja hadi kibendera cha kona, kulikuwa na ukanda wa nyasi wenye upana wa hatua nane. Wattie aliukata ukanda huo kwa mkono, kwa magoti, kwa mkasi wa bustani, kila Ijumaa kwa miaka kumi na sita. Kwingineko uwanjani mpira ulitembea kama ng'ombe kwenye tope. Kwenye ukanda ule uliteleza. Katika kila mechi kulikuwa na nusu moja ambayo Dod alicheza upande wa jukwaa, na katika nusu hiyo alikuwa winga wa kutisha. Nusu nyingine alikuwa mpeleka barua.

Wageni hawakuelewa. Walisema jamaa ana moyo wa kupanda na kushuka. Gazeti la wilaya liliwahi kuandika kwamba Dod Geddes huchochewa na kelele za jukwaa lake. Jukwaani siku hiyo walikuwamo watu sitini na mbwa mmoja.

Port Cullan hakukuwa na nyasi za baba. Plastiki ilikuwa sawasawa kila mahali, na upepo wa bahari ulichukua krosi zake ukazipeleka kwenye maegesho ya magari. Akianguka, plastiki ilimchuna magoti. Mashabiki hawakuchukua muda kumpa jina. Walimwita Mashine. Mpira ukimpotea, upande mzima ulisema kwa pamoja, bila hata hasira, kama watu wanaosali, kwamba warudishiwe mashine yao.

Hata kazini mambo yaliharibika. Mbwa wote wa mitaa yake, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakimfukuza, sasa walimfuata kwa upendo, wakinusa koti lake la posta lililojaa moshi wa samaki. Mmoja wa Barabara ya Kanisa alipanda naye basi.

Elspet alimpelekea mashati safi kila Alhamisi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, Dod akazungumza, kwa sababu kuzungumza na Elspet ni kama kuzungumza kanisani siku isiyo ya ibada. Alimwambia kwamba kocha wa Port Cullan amemweka benchi mechi nne. Amempa nafasi moja tu: Jumamosi ya tatu ya Oktoba, kule Ardlennie, kwa kuwa ndio uwanja pekee anaoujua. Akifanya vizuri, atabaki. Akishindwa, Januari watamwachia.

"Na winga wa miaka thelathini na minne asiye na timu," Dod alisema, "ni mpeleka barua tu, mdogo wangu. Anayenuka samaki."

Elspet alikunja shati.

"Sitaki mzee aniombe radhi. Hajui kuomba radhi, atanieleza habari za mafuta ya mashine. Nataka anikatie nyasi zangu siku hiyo. Basi. Nikikuta ukanda umekatwa, Jumapili nitakuja kula. Nisipoukuta, nitajua alikuwa na mtoto mmoja tu, na anatumia petroli." Akacheka, kisha akageukia dirisha. "Usimwambie, lakini."

Dod alijua vizuri anamwomba nani asiseme.

Amri ilitoka kwa kamati wiki tatu kabla ya mechi. Pirie mwenyewe alikuja kibandani, akasimama mbali kidogo na mashine kwa heshima, akasema ukanda wa jukwaa usiguswe. Uachwe uote. Dod akija, akute msitu. Wattie alisema kwamba hilo si jambo la kiungwana. Pirie alisema kuwa na baba anayekata nyasi kwa mkasi nalo halikuwa la kiungwana, na klabu ilifumba macho miaka kumi na sita. Akaongeza kwamba mashine ni ya klabu, ufunguo ni wa klabu, na kuna wastaafu wengi mjini ambao wangefurahi kukaa kwenye kile kiti.

Wattie akatii. Alikata uwanja wote, akauacha ukanda. Kila Ijumaa alisimama pembeni na mkasi mkononi, akautazama, akarudi nyumbani. Hakupiga mluzi tena. Jumapili alikula mkate na jibini akiwa amesimama, kwa sababu Netta hakuandaa meza. Elspet alijaribu kumwambia alichosema Dod. Maneno yalifika kwenye meno yakageuka. Mara moja alifikia mpaka kusema, "Baba, Dod…" na Wattie akainua uso haraka sana, uso wa mtu aliyenyeshewa, hata Elspet akaogopa, akamaliza kwa kusema kwamba Dod ana mashati ya kutosha.

Nyasi zikaota. Kufikia wiki ya mechi zilifika kwenye vifundo vya miguu. Mzee Mowat alisema kuna kware wanataga.

Jumamosi asubuhi Elspet alikwenda uwanjani saa moja kutundika jezi kwenye chumba cha wachezaji. Wattie alikuwa amekwenda na toroli kuchukua chokaa ya mistari. Ufunguo wa kibanda aliuacha kwenye msumari, nyuma ya mlango wa chumba cha kufulia.

Elspet alitundika namba moja, akatundika namba mbili. Alipofika namba saba, jezi iliyokuwa ya Dod na sasa ni ya yule kijana anayekimbia kama aliyeiba, aliiweka chini, akachukua ufunguo.

Alikuwa amemtazama baba yake akiiendesha mara nyingi, kutoka kwenye kamba ya nguo. Alijua kifungo, alijua kanyagio, alijua kile kipini cha kushusha visu. Asichojua ni jinsi ya kwenda moja kwa moja. Mashine ilinguruma, ikaruka mbele kama mbuzi, ikatoka kibandani na kipande cha mlango. Ilipita juu ya kibendera cha kona. Ilikwaruza tangazo la bucha la Bwana Pirie, ikaliacha bila kichwa cha nguruwe. Kisha ikafika kwenye ukanda, Elspet akashusha visu, na nyasi zikaanza kuruka pembeni, za kijani, zimelowa, zinanuka kama kitu kilichofunguliwa sasa hivi.

Alikwenda, akageuka, akarudi. Mistari ilipinda kama nyoka aliyekula vibaya. Mvua ilimpiga usoni. Alikaa juu kabisa, juu kuliko alivyowahi kukaa mahali popote, na chini yake dunia ilikuwa inatii. Alisikia mtu anacheka, akageuka kuona ni nani, hakukuwa na mtu.

Alipomaliza aliosha visu, akafuta kiti kwa taulo ya kipa, akarudisha ufunguo kwenye msumari. Kisha akatundika namba saba.

Wattie alirudi na chokaa saa tatu. Aliuona ukanda, akaweka toroli chini. Alitembea ule mstari wa nyoka mwanzo hadi mwisho, mikono nyuma, kama mtu anayesoma barua. Hakumwita mtu. Alichukua chokaa akaanza kuchora mistari yake.

Saa tisa watu mia tano walikuwa wamefika, na nusu yao walinuka samaki. Pirie alipoona ukanda alibadilika rangi ikafanana na bidhaa zake. Lakini refa alikuwa tayari ameukagua uwanja akaupitisha, akisema tu kwamba mtunza uwanja huenda amekunywa.

Kipindi cha kwanza Dod alikuwa ng'ambo, kwenye tope, mbali na ukanda, na alikuwa wa kusikitisha. Alianguka mara tatu, mara moja bila kuguswa na mtu. Viazi waliimba, Vichwa vya Samaki wakaona aibu. Mapumziko, kama ilivyo desturi, wazee wote walibeba pai zao wakazunguka uwanja kufuata goli ambalo timu yao italishambulia. Mzee Mowat peke yake hakuhama. Yeye hufuata winga, na winga alikuwa anakuja kwake.

Dod alipofika upande wa jukwaa alisimama. Alitazama chini. Aliinama akafunga kamba ya daluga ambayo haikuwa imefunguka, na watu waliokuwa karibu wanaapa kwamba alizipapasa nyasi kwa kiganja. Kisha akainua macho kuelekea kibandani, ambako Wattie alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Hakuna aliyepunga.

"Barua ina stempu leo, Dod?" Mowat alimuuliza.

"Subiri mlangoni, mzee," alisema Dod.

Dakika ya sitini na nane alipata mpira katikati ya uwanja. Beki aliyemkabili alikuwa kijana mzuri, amefundishwa vizuri, anajua kila kitu kuhusu mpira uendao moja kwa moja. Dod aliusukuma mbele. Mpira ukaingia kwenye njia ya Elspet. Ukapinda kushoto, ukapinda kulia, ukamzunguka beki bila kumgusa, na Dod akapita upande wa pili akaupokea kama anayempokea mgeni stesheni. Beki alibaki akigeuka mahali pamoja. Krosi ikapigwa. Haikuwa krosi nzuri. Ilimpiga mgongoni mshambuliaji wa Port Cullan aliyekuwa amejikinga na upepo, ikaingia wavuni.

Moja bila. Ikabaki hivyo hivyo. Kwenye kidirisha cha pai Netta alifunga kibao chake kabla ya wakati, akawaacha watu kumi na wanane kwenye foleni. Alisema pai zimekwisha. Zilikuwapo arobaini. Alikuwa anataka kwenda kununua nyama ya kusaga ya Jumapili kabla bucha halijafungwa, na bucha lenyewe ni la Pirie, kwa hiyo alitaka kufika kabla Pirie hajafika.

Dod alikuja Jumapili saa saba, na keki ya dukani. Mbwa wa Barabara ya Kanisa alibaki nje. Netta alipakua nyama ya kusaga, viazi vya kuponda na karoti, akajaza sahani ya Wattie kuliko zote, ishara kwamba kifungo kimekwisha. Wakala. Mwishowe Dod, akitazama karoti zake, alisema, "Asante kwa nyasi, baba."

Wattie alikuwa na mdomo uliojaa. Alitafuna. Alifungua mdomo, akaufunga, akatafuna tena, ingawa kwa wakati huo hakukuwa na kitu cha kutafuna.

Ndipo Pirie alipoingia. Alipita mlango wa nyuma bila kubisha, akakataa kiti, akakataa chai. Alisema kamati ilikutana baada ya ibada. Amri ya wiki tatu imevunjwa, mechi imepotea, mlango wa kibanda una tundu, na nguruwe wake hana kichwa. "Wattie, sisi ni marafiki tangu shule. Nakuuliza swali moja tu. Wewe ndiye uliyekata ule ukanda?"

Neno moja lingetosha. *Hapana*, na mashine ingebaki yake. Wattie alimtazama Pirie. Kisha alimtazama mwanawe, ambaye alikuwa na mchuzi kidevuni na uso aliokuwa nao akiwa na miaka kumi, siku alipopewa mpira wake wa kwanza wa ngozi. Wattie alisimama, akatoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani karibu na haradali.

"Kikombe changu nitakifuata kesho," alisema, akaketi.

Pirie, ambaye hakuja na moyo wa jiwe, alinyoosha mkono kuuchukua kama mtu anayechukua mfupa wa maiti. Na mkono wake ulikuwa bado hewani Elspet aliposimama. Pirie alimjua tangu alipozaliwa, na katika miaka yote hiyo alikuwa amesikia kwake labda maneno ishirini, mengi yao yakiwa ni nusu kilo ya soseji.

"Baba hakukata," Elspet alisema. "Nilikata mimi."

Netta alimwambia akae, ana homa. Wattie aliinamia sahani yake, akasema kwa sauti ndogo kwamba alijua, maana mistari ilikuwa ya mtu ambaye hajawahi kukata mstari. Dod alimtazama dada yake, akautazama ufunguo, kisha akamtazama mzee wake, muda mrefu, mzee ambaye sasa hivi ametoa mashine yake kwa kosa ambalo hakulifanya. Alivuta keki akamkatia mzee kipande cha kwanza.

Pirie alikuwa amechanganyikiwa. Alimuuliza Elspet kwa nini, jamani, kwa nini, kama ni kwa ajili ya kaka yake angesema tu, kamati ina watu wenye moyo.

Elspet aliona kwamba jibu rahisi lipo pale, tayari limepakuliwa, na kila mtu angelipokea. Lakini mdomo ukishafunguka baada ya miaka ishirini na miwili, hautoi lile la juu tu. Alishika kiti kwa mikono miwili, mbele ya baba yake mtunza uwanja, mama yake wa pai, kaka yake winga na mwenyekiti wa klabu.

"Bwana Pirie," alisema, "mimi mpira siupendi. Sijawahi kuupenda hata siku moja. Kila Jumamosi nawafulia jezi nikiomba mvua ivunje mechi. Lakini ile mashine naipenda. Huo ufunguo, naomba nipewe mimi."